Kunyanyua bodi juu ya chasisi bila winchi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Chevrolet ya 1957 ambayo chasisi yake imeanza kuliwa na kutu. Nataka kunyanyua bodi niitengeneze hapa nyumbani, ila sina winchi wala lifti, nina jeki mbili za magurudumu tu. Nitaweza?

JIBU: Marahaba. Utaweza, mradi usiwe na haraka.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, chomelea paipu ya mraba kwenye uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Bodi hiyo ikikosa chasisi hulegea katikati, na milango haitafunga tena. Paipu ikae kwa ndani ili mlango uendelee kufunga. Mlango ukianza kukwaruza kizingiti, ujue bodi inapinda.

Bolti za bodi zimwagie mafuta ya kulainisha kutu siku mbili tatu mapema. Ukizilazimisha, nati iliyofichwa ndani ya sakafu huzunguka nayo, halafu utaanza kukata bati. Chini ya mipira inayokaa kati ya bodi na chasisi utakuta vipande vyembamba vya chuma, hapa viwili, pale kimoja. Kila sehemu itie mfuko wake na uandike ilikotoka, maana ndivyo vinavyosawazisha milango.

Kisha tenganisha shafti ya usukani, paipu za breki, kebo ya spidomita, shingo ya tangi na nyaya zote. Mimi niliwahi kusahau waya wa ethi nyuma ya injini. Pembe tatu zilipanda, ya nne ikagoma, nami nikazidi kupampu jeki hadi nikasikia bati likilia. Pembe ikigoma, shusha, chukua tochi, utafute.

Injini itoe kwanza, usije ukalazimika kupandisha bodi juu mno. Nyanyua mbele sentimita 5, weka stendi, nenda nyuma, urudie hivyohivyo. Nafasi ikipatikana, pitisha boriti mbili za mbao ngumu kati ya chasisi na bodi: moja karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, nyingine mbele ya magurudumu ya nyuma. Ziwe ndefu kupita upana wa matairi, ili stendi zikae nje na chasisi isukumwe katikati yake kwa magurudumu yake yenyewe. Jeki ikifika mwisho, ipandishe juu ya mbao nene zilizopangwa kwa kupishana. Tofali usilitumie kabisa, hupasuka bila taarifa. Na bodi ikiwa juu ya jeki peke yake, hata mkono usiupitishe chini.