Maswali Yenu: Samaki wa Magadi na Wajukuu wa Norwei

Makala ya juma lililopita, kuhusu Wamarekani wa Minnesota na Iowa wenye asili ya Norwei na Uswidi, imeleta maswali mengi. Nayajibu manne.

Wametoka huko zamani sana. Mbona bado wanajiita Wanorwei?

Kundi la kwanza liling'oa nanga Stavanger, bandari ya Norwei, mwaka 1825, watu 52 ndani ya jahazi dogo, Restauration. Kilichowavuta maelfu baadaye ni sheria ya Marekani ya 1862: ekari 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Wakajazana pamoja, jirani wa kijijini kwao akawa jirani tena ng'ambo, kanisa moja.

Lakini hilo halielezi ya leo. Mwanahistoria Marcus Lee Hansen, baba yake Mdenmaki na mama Mnorwei, alisema mwaka 1937 kwamba alichotaka kusahau mtoto, mjukuu hutaka kukikumbuka. Naafikiana naye. Mtoto wa mhamiaji alichekwa shuleni kwa lafudhi ya baba yake. Mjukuu hachekwi na mtu, basi anavaa sweta la bibi kwa raha zake kila tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ya Norwei.

Kinorwei wanakijua?

Wengi hawakijui. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hata kanisani na kwenye simu. Hata hivyo gazeti la Kinorwei, Decorah-Posten, lilidumu hadi 1972. Siku hizi sahani ikianguka utasikia "uff da", yaani kama "lo!" yetu.

Huyo samaki wa magadi, lutefisk, analiwa kweli?

Analiwa, tena kwa foleni, kwenye karamu za kanisa msimu wa vuli. Ni chewa mkavu kama ubao. Analowekwa kwenye maji ya magadi makali mpaka avimbe, kisha maji safi siku kadhaa ili magadi yatoke. Akipikwa anatetemeka kama jeli, harufu inakupokea mlangoni, anamwagiwa siagi ya moto. Ni chakula cha dhiki, na nadhani ndiyo maana hawamwachi. Vijana wengi hula kipande kimoja, wakakimbilia mipira ya nyama.

Sisi yanatuhusu nini?

Waulize Walutheri wa Iramba, Singida. Baadhi ya wamisionari waliofika huko walitumwa na Augustana, kanisa la wahamiaji wa Uswidi nchini Marekani. Huenda aliyembatiza babu yako alilelewa kwa samaki huyohuyo.