Mofini, dripu na ukweli: majibu ya tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito)

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Daktari kamwandikia mofini ya maji. Ndiyo basi tena? (Msomaji, Morogoro)

Si basi. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado ndugu wanaificha chupa kabatini kwa kuogopa jina la dawa. Mofini ni dawa kali ya maumivu; hufuata maumivu, haifuati kifo. Mpe kila baada ya saa 4 kama ilivyoandikwa, hata asipolalamika. Ukingoja aanze kulia umeshachelewa. Siku hiyo hiyo omba dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo na wengi huiacha kwa sababu hiyo tu. Kipimo asikiguse mtu ila aliyekiandika.

Hatakuwa teja? (Huyo huyo)

Anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, ni nadra sana kufika huko.

Hospitali yetu ya wilaya haina jengo la tiba shufaa. Tusubiri bajeti? (Muuguzi, Lindi)

Dada, jengo la nini? Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, kazi ilibebwa na unga wa mofini uliochanganywa na maji, mgonjwa akaondoka na chupa yake kwenda nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, maana daktari kijijini yuko wapi? Huku kwetu wapo wanaosafirishwa hadi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kutafuta nafuu ambayo wangeipata wodini kwako.

Anzeni na wawili waliosomea, kabati lenye kufuli, daftari la dawa, na swali moja kila mnapopima joto: maumivu ni kiasi gani, 0 hadi 10? Namba iandikwe kwenye faili. Ikikaa 8 kutwa nzima bila mtu kushtuka, wodi imekosea. Na msingoje mgonjwa aambiwe "rudi nyumbani". Tiba shufaa huanza ugonjwa unapotajwa, sambamba na mionzi.

Baba yuko siku za mwisho, hali wala hanywi. Dripu? (Msomaji, Tanga)

Mloweshe midomo kwa kitambaa safi; dripu wakati huo yaweza kumjaza maji mapafuni.

Ndugu wamekataa aambiwe hali yake. (Huyo huyo)

Muulizeni yeye anataka kujua nini. Wengi wanajua tayari, wananyamaza kwa kuwahurumia ninyi. Nilimuuguza mzee aliyefichwa hivyo hadi mwisho. Hakupata nafasi ya kuonyesha mipaka ya shamba, na wanawe hadi leo hawasalimiani.