Miaka mitano na Mercedes 240D hapa Lubumbashi: jibu kwa mdogo wangu anayetaka kuuza parsele

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Umeona Mercedes 240D ya 1984 inauzwa dola 5,000, ni ile ile uliyoitamani tangu utoto, na unafikiria kuuza parsele yako, kiwanja chako cha njia ya Kasapa, ili uichukue. Halafu mwishoni ukauliza: gari la ndoto likishakuwa lako, linabaki kuwa ndoto? Mimi ninayo 240D ya 1983, mwaka wa tano sasa, hapa hapa Lubumbashi. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Parsele usiuze. Nalitanguliza hilo ili hata ukichoka kusoma uondoke nalo. Gari la umri huu huanza kuomba makuta, yaani pesa, mwezi ule ule wa kwanza, na mtu aliyeuza parsele hana tena pa kuyatoa. Nimemwona jirani yangu akifanya hivyo. Gari lake linalala uani juu ya matofali, na parsele sasa ina nyumba ya mtu mwingine.

Ndoto yangu ilianza 1986. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, tukikaa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Bibi yangu alifariki Likasi, na mukubwa wa kazi wa baba akatutolea gari lake, 240D, pamoja na sheferi (dereva) wake twende matanga. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa nyuma, katikati ya shangazi wawili, gari la kijani kilichokoza, viti vinanukia joto la jua. Shangazi mkubwa alipobamiza mlango, sheferi aligeuka akamwambia kwa heshima kabisa: “Mama, funga pole, haiko mulango ya nyumba.” Akaufungua tena, akaufunga yeye mwenyewe kwa vidole viwili. Ulitoa sauti fupi, nzito, kama gunia la unga linapowekwa chini. Kutoka hapa hadi Likasi ni kama kilomita 120. Tulikuwa tunakwenda kuzika, watu wazima walikuwa wanalia, na mimi kabla ya kufika nilikuwa nimelala begani mwa shangazi. Tangu siku hiyo nilitaka gari lile.

Nililipata 2020, kwa mzee mmoja mstaafu wa Makomeno, dola 4,200 baada ya maneno ya wiki tatu. Lilitoka Ubelgiji, usukani uko kushoto. Hilo unaweza kuliona dogo, lakini hapa kwetu, ambako tunaendesha upande wa kulia na gari nyingi zinatoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia zikiwa na usukani wa kulia, ni jambo kubwa. Kwenye njia ya Likasi, nyuma ya malori ya shaba, mwenye usukani wa kulia humwomba abiria amwangalizie mbele. Mimi naona mwenyewe.

Kuona ni kitu kimoja, kupita ni kingine. Hapa ndoto ilipata pigo la kwanza. Kichwani mwangu gari lile lilikuwa na nguvu kuliko yote. Kumbe injini yake ya mazuti (dizeli), lita 2.4, silinda nne, ina nguvu farasi 72 tu, na kufika kilomita 100 kwa saa kunachukua zaidi ya sekunde ishirini. Kumpita lori mwenye trela kunataka hesabu: mteremko, barabara tupu, gia ya tatu, na moyo mtulivu. Ukiwa mtu wa haraka, 240D itakuchosha roho.

Na heshima? Nilidhani watu watageuka. Hawageuki. Vijana wa mjini wanaangalia Prado. Wanaosimama ni wazee, pale karibu na Posta, wanaotaka kugusa boneti na kuniambia nani alikuwa na kama hii mwaka gani. Iliniuma kidogo mwanzoni, kisha ikapita, na leo wazee wale ndio ninaofurahi kukutana nao.

Sasa nikusimulie siku ya kwanza. Nilipeleka gari Katuba nimwonyeshe mama. Nikasimama mlangoni, nikageuza ufunguo, nikautoa. Injini ikaendelea kunguruma. Ufunguo niko nao mkononi, na gari linatetemeka vile vile, kama halikunisikia. Mama alikuwa ametoka na kitenge kipya mabegani, anangoja kelele inyamaze aweze kusema neno. Nilihangaika dakika nyingi, hadi nikaliingiza gia ya nne, nikakanyaga breki na kuachia klachi ili life kwa nguvu.

Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja mzee aliyejifunza kazi kwenye karakana za mgodi. Hakuniuliza mengi. Alifungua boneti, akanionyesha kidude chekundu juu ya injini kilichoandikwa STOP, akakikandamiza kwa kidole gumba, injini ikazima. “Hiki ni cha dharura,” akasema. “Ugonjwa wenyewe uko mlangoni.” Nikafikiri nimesikia vibaya.

Alikuwa sahihi, na ni vizuri ujue kwa nini, maana hiyo ya 1984 itakuwa na mfumo ule ule. Injini ya mazuti haina cheche ya kukata; ili izime lazima mazuti yenyewe yakatwe. Kwenye gari hili ufunguo unafungua njia ya mnyonyo wa hewa. Kuna pampu ndogo mbele ya injini inayonyonya hewa, na mnyonyo huo huo unasaidia breki, unafunga vitasa vya milango yote kwa ufunguo mmoja, na unavuta kikombe chenye utando wa mpira nyuma ya pampu ya mazuti ili injini izime. Vyote vimeunganishwa kwa vijibomba vyembamba kama mrija wa kunywea soda. Kila kitasa nacho kina utando wake; ukitoboka ule wa ndani ya mlango wa nyuma, hewa inaingia, na injini inakosa wa kuizima. Tulikwenda mlango kwa mlango, fundi akinyonya kila kijibomba kwa mdomo na kuziba kwa ulimi kuona kama kinashika. Wa nyuma kushoto haukushika. Siku ile ndipo nilipolipenda gari lenyewe, si lile la kumbukumbu. Hakuna kompyuta humo. Kila kinachofanyika kina njia unayoweza kuifuata kwa kidole hadi mwisho.

Tangu hapo kila kilomita 15,000 tunapima nafasi za valvu pamoja, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingizia hewa, 0.30 za kutolea moshi. Mara ya kwanza nilishika taa tu. Sasa nafanya mwenyewe, yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusikiliza. Ubavuni mwa injini kuna filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani. Kila Jumamosi naiangalia. Mazuti yakiwa na maji au taka unaona kabla injini haijaumia. Imeniokoa zaidi ya mara moja, maana mazuti ya kununua kwenye bidoni njiani si ya kuaminiwa.

Kilichonitoa machozi kweli ni kutu. Nilinunua kiangazi, vumbi jekundu kila mahali, gari kavu na linang'aa. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja nikasikia harufu ya kisima ndani. Nilinyanyua zulia miguuni pa abiria, nikakuta maji yamesimama kama kwenye beseni. Nilipoyatoa, chuma chini yake kilibonyea kwa kidole gumba. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mpira wa kioo cha mbele, mahali ambapo kutu ilikuwa imekula polepole miaka mingi huku rangi juu yake ikiwa nzima. Kioo kilitolewa, chuma kikakatwa, kikaungwa kipya, na gari likakaa garaji wiki saba. Mwaka huo wa kwanza nilitumia dola 1,900 juu ya zile 4,200, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kutu, si kwenye injini. Ningekuwa sina Toyota yangu ya kazi, ningekwenda kazini kwa miguu wiki zote saba.

Vipuri vipo, usiogope. Gari za familia hii, W123, zilitengenezwa karibu milioni 2.7 kati ya 1975 na 1986, na nyingine ziliundwa East London, Afrika Kusini. Kwa hiyo vingi vinapatikana Johannesburg na kupanda na malori hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Angalia tu jambo moja: za kule zina usukani wa kulia. Vya injini vinaingia, lakini vya upande wa dereva havifanani, na hata taa za mbele usinunue, kwa sababu zinamulika upande usio wetu. Hivyo mimi naviagiza kwa binamu aliye Brussels.

Nirudi kwenye swali lako la pili. Miaka miwili ya kwanza ningekujibu: gari ni zuri, lakini ndoto siioni. Nilikuwa nalitunza, naliendesha, nalijua, na bado kulikuwa na kitu nilichokitafuta humo ambacho sikukipata. Nilijaribu rangi ile ile ya kijani. Nilibadili viti. Bure.

Halafu 2022 nilishikwa na malaria nikiwa kwa dada yangu Likasi. Mpwa wangu akachukua ufunguo anirudishe nyumbani, nami nikalala kiti cha nyuma. Kile kiti kina springi ndani kama kitanda cha zamani. Gari likipita kwenye shimo kinakunyanyua taratibu na kukurudisha. Homa imepanda, kioo kimefunguka upana wa kidole, nguzo za umeme zinapita moja moja, na injini, ambayo mbele hupiga kelele kama mashine ya kusaga, kule nyuma ilikuwa inaimba chini kwa chini. Mpwa alishuka kulipa peaji, ada ya barabara, akarudi, akafunga mlango. Ile sauti. Gunia la unga. Nilikuwa na miaka 45 na nilikuwa tena katikati ya shangazi zangu, ambao wote wawili wameshafariki.

Kumbe tangu nilinunue sikuwahi hata siku moja kukaa nyuma. Nikiwa usukanini masikio yangu yako kazini: ile ni beringi? Ule mkanda unalia? Sindano ya joto imepanda? Mtoto wa 1986 hakuwa akijua lolote la hayo. Yeye alibebwa, na watu wazima waliojua njia wakawa wanafanya kazi yote. Mimi nikanunua kazi yote, nikashangaa kwa nini silali.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya dola 5,000 jiulize kwenye kumbukumbu yako ulikuwa umekaa wapi. Umeandika kwamba mjomba wako alikuwa anakupakata ushike usukani kwenye njia ya Kipushi. Kama ni hivyo una bahati kuliko mimi, kwa sababu ulichokitamani kiko kiti cha mbele, na kila asubuhi utakipata: kugeuza ufunguo, kungoja taa ya njano izime buji (plagi za kupasha injini) zikishapata moto, kuwasha, kusikia injini ikijitikisa na kutulia.

Kama bado unaitaka hiyo ya 1984, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Wengi huipasha moto mapema ili usione inavyohangaika kuwaka. Nyanyua mazulia yote. Bonyeza chuma chini ya mpira wa kioo cha mbele na mahali pa kuwekea jeki, kwa kidole, bila aibu. Kisha zima injini kwa ufunguo na uhesabu: ikichukua sekunde tatu nne kunyamaza, mnyonyo unavuja mahali. Hilo si la kukimbia, ni la kushusha bei. Kutu ya chini ndiyo ya kukimbia. Na dola 5,000 ni nyingi mno kama hutabakiwa na nyingine 2,000 mfukoni na gari au pikipiki ya kazi pembeni. Bora ungoje mwaka mwingine. Parsele iache ilipo.

Jumapili hii baada ya misa niko nyumbani. Niandikie pembeni nikuelekeze, twende nayo hadi peaji ya njia ya Likasi na kurudi. Ufunguo utaushika wewe. Mimi nitakaa nyuma.