Kabla hujawasha Hart-Parr 30-60: kinachopoza ni oili, si maji

Ukiikuta Hart-Parr 30-60, trekta kongwe la Marekani, kwenye mnada wa mitambo ya zamani huko Iowa au Dakota, usikimbilie injini. Anza mbele, kwenye ule mnara wa bati wenye pembe nne. Hiyo ndiyo rejeta yake, yaani kipoza injini, na ndani hamtakiwi maji hata tone.

Charles Hart na Charles Parr walikutana wakisoma uhandisi Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walianza kuunda injini mjini Madison mwaka 1897, kisha wakahamia Charles City, Iowa, kwao Hart, ambako trekta lao la kwanza lilikamilika 1902. Trekta lao Namba 3, la 1903, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Wateja wao walikuwa wakulima wa nyanda za baridi kali, ambako maji yakiganda usiku hupasua silinda. Oili iliwaondolea balaa hilo. Isitoshe, inastahimili joto kuliko maji, na mafuta ya taa, ambayo injini hii huyachoma, bila joto hayageuki mvuke vizuri.

Modeli ya 30-60 iliundwa kuanzia 1907 hadi 1918: nguvu farasi 30 za kuvuta, 60 za kuzungusha mkanda unaoendesha mashine nyingine, uzito karibu tani 9. Silinda ni mbili tu, zimelala, kila moja kipenyo inchi 10 na mwendo wa pistoni inchi 15. Piga hesabu: silinda moja inakaribia kumeza dumu la lita 20. Mizunguko ni 300 tu kwa dakika.

Mnara hauna feni. Moshi wa ekzosi huingizwa humo, ukipanda juu unavuta hewa ipite kwenye mirija ya oili. Kwa hiyo trekta likichemka, kabla ya kulaumu pampu tazama bomba la ekzosi: likivuja kabla ya kufika mnarani, mvuto hupungua na oili haipoi. Wapo wanaofunga feni ya umeme kuficha hitilafu hiyo. Ukiiona, punguza bei.

Hatari kubwa zaidi ni maji yaliyojipenyeza kwenye oili, hasa mtambo ukiwa umenyeshewa miaka mingi. Oili ikipita nyuzi 100 maji yale huchemka ghafla, povu linapanda, na oili ya moto inarukia watu. Fungua sehemu ya chini kabisa, kinga kwenye chupa angavu, iache usiku kucha. Maji yatakaa chini. Unapojaza upya usifike ukingoni, maana oili ikipata moto hutanuka.

Kuwasha ni kwa petroli. Iache injini ipate moto sawasawa ndipo uhamie mafuta ya taa. Ukihama mapema, mafuta yasiyoungua huosha kuta za silinda, oili inakatika, na pistoni inaanza kukwaruza. Injini ikibeba mzigo na kuanza kugonga, fungulia maji kidogo kwenye kabureta: yanashusha joto la mwako. Mzigo ukitoka, funga. Na kabla ya kuzima rudi petroli kwa dakika kadhaa, la sivyo kesho utawasha injini iliyojaa mafuta ya taa, tena kwa mkono.

Muuzaji akikuambia kampuni hii ndiyo iliyobuni neno "trekta", usimlipe ziada. W. H. Williams, aliyesimamia mauzo yao, alilitumia kwenye tangazo mwaka 1906 na kulieneza, lakini lilishaonekana kwenye hataza ya Marekani ya 1890. Wala wao si wa kwanza kuunda trekta la petroli. John Froelich aliwatangulia mwaka 1892. Sifa yao halisi ni kulifanya biashara ya kiwandani iliyodumu.

Hart aliondoka 1917, wakati soko likihamia matrekta madogo. Modeli ya 12-25 iliyofuata 1918 inapozwa kwa maji, kwa hiyo maelezo ya mnara hapo juu hayaihusu. Na kibao kikiandikwa Oliver, trekta hilo ni la baada ya Hart-Parr kuungana na kampuni ya Oliver mwaka 1929.