Mwenyeji wako Ujerumani si mfadhili wako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Arusha, mwanakwaya. Kwaya yao imealikwa Ujerumani na usharika rafiki, na watalala majumbani kwa waumini. Baada ya shikamoo na maswali ya viza na zawadi akaandika: "Dada, mwenyeji wangu nikishamzoea, shida ya ada ya mdogo wangu namwambia siku ya ngapi?"

Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini. Kuomba kwenyewe hakukumpa shaka hata kidogo, alichotaka kujua ni siku tu. Nami sina haki ya kumcheka, kwa sababu mimi niliomba siku ya tatu.

Tulisafiri Juni 2018, watu 22, kutoka usharika mmoja wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku Moshi. Habari za michango, mabasi ya usiku kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole ubalozini na kuchuniwa na wapiga picha za pasipoti sitazirefusha, kila aliyesafiri anazijua. Tulikuwa tunakwenda upande wa Leipzig. Kwetu jina hilo mtoto analisikia kabla hajajua Dodoma iko wapi, maana wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na urafiki ule haujakatika mpaka leo. Tuliimba nao wimbo wa Luther, wao kwa Kijerumani, sisi kwa Kiswahili, sauti zikakutana kana kwamba tulifanya mazoezi pamoja. Nililia kanisani waziwazi.

Lakini safari ya kwaya haiko kanisani. Iko jikoni kwa mtu, saa kumi na mbili jioni, ukiwa peke yako bila mchungaji wala mwalimu wa kwaya.

Tulipofika ukumbini kwao, mama mmoja alisoma majina mawili mawili, la mgeni na la mwenyeji. Mimi nikaangukia kwa wazee wawili, mtu na mkewe, wastaafu. Mama alikuwa muuguzi, mzee alifanya kazi reli. Kiingereza chao kidogo, changu kidogo. Nikamwita Mama, akapokea jina hilo vizuri mno.

Jioni ile mezani paliwekwa mkate, jibini, matango, na nyama baridi iliyokatwa vipande vyembamba. Nikala kidogo kwa adabu, nikisubiri chakula chenyewe. Hakikuja. Saa tatu na nusu usiku jua ndiyo kwanza linazama, nami niko kitandani na njaa, moyoni nasema hawa wamenidharau. Kwetu mgeni wa mbali hivi angechinjiwa mbuzi. Kumbe ndivyo wengi wao wanavyokula jioni, cha moto kimeshaliwa mchana. Kama ningeuliza, ningelala nimeshiba na bila dhambi ya kumnung'unikia aliyenipokea. Kwa hiyo uliza. Uliza chakula, uliza bafu linavyotumika, uliza takataka ipi inaingia pipa lipi, maana hawachanganyi. Swali haliwaudhi. Kuchelewa ndiko kunakowaudhi: wakisema saa mbili, saa mbili uwe umeshavaa viatu.

Sasa siku ya tatu. Nilitoa simu nikawaonyesha picha ya mdogo wangu akiwa na sare ya shule, nikaeleza kuwa baba alifariki, ada imekwama. Hakuna nililodanganya. Asubuhi nikakuta bahasha kando ya kikombe changu, ndani euro 300. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, Mama akatabasamu kidogo, akaendelea kupaka siagi.

Jumapili binti yao akaja kula chakula cha mchana. Yeye Kiingereza chake kilinyooka. Tulipokuwa tunakausha vyombo aliniuliza, bila ukali, kama ni kawaida kwetu mgeni kumwomba mwenyeji pesa. Kisha akaniambia ile ilikuwa akiba ya wazazi wake ya kwenda kupumzika baharini. Walikuwa wameshaahirisha.

Natamani ningeweza kuandika kwamba nilirudisha. Nilijaribu, Mama akakataa, akanikunjia vidole juu ya bahasha. Toka hapo hakukuwa na mazungumzo yaliyokuwa yale yale. Kila nilipowasifia kitu nyumbani, nilihisi wanasubiri ombi linalofuata.

Usiku mmoja mzee akatoa picha zake za zamani. Walikuwa watu wa Ujerumani Mashariki. Aliniambia jinsi alivyotoka tarehe 9 Oktoba 1989 katika maandamano ya Leipzig ya kudai uhuru, yaliyoanzia kwenye sala za Jumatatu, zikiwemo za kanisa la Nikolai, watu wapatao 70,000 wakiwa na mishumaa, naye hajui kama polisi watapiga risasi. Mkewe alibaki na mtoto ili angalau mzazi mmoja apone. Mpaka Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwezi uliofuata, hakuwa amewahi kuruhusiwa kutembelea Hamburg, mji wa taifa lake mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa Ujerumani Magharibi. Huyo ndiye niliyemwona mzungu tajiri, aliyezaliwa na pesa mfukoni. Nilijua historia ya wamisionari wao hapa kwetu tangu Sunday school, na sikuwa nimewauliza wao swali hata moja.

Yaliyofuata nyumbani bado yananiuma. Ikajulikana kuwa wengi wetu tuliomba, kila mtu chumbani kwake, na wenyeji wakasimuliana. Barua ikaja usharikani. Kamati ilipouliza, mimi peke yangu nilisimama nikasema niliomba, na nikataja kiasi. Nikasimamishwa kwaya miezi sita. Waliopokea zaidi yangu walikaa kimya, mmoja wao alikuwa kwenye meza ya kamati akiandika muhtasari. Sijawahi kuombwa radhi. Nimesamehe, lakini nasema jambo hili kwa jina lake: dhambi ya kikundi ilibebeshwa aliyekiri.

Mdogo wangu, wewe uliyeniandikia, usiombe. Mwenyeji akisaini kwao ile karatasi ya kukudhamini, anabeba gharama zako zote za huko, hata za kukurudisha nyumbani ukikwama. Amekupa kitanda, amekupa ufunguo wa nyumba yake. Hiyo tayari ni ada. Akikuuliza mwenyewe kuhusu maisha yako, mweleze kweli yote, ila usimalizie kwa namba ya simu ya kutumia pesa. Kama usharika una hitaji, lipitie kwa wachungaji, mezani, mchana. Usiombe. Na Mungu unayemwimbia kule hakukupeleka ukauze huzuni ya nyumbani kwenu.

Kuhusu zawadi uliyouliza: chukua kahawa ya kwetu na kitenge kizuri. Nyama na maziwa usibebe, ni marufuku kuingiza kule na vitachukuliwa uwanja wa ndege. Ndizi zinaruhusiwa. Mimi sikulijua hilo, nikanunua ndizi mbichi Leipzig kwenye duka la Waasia, na siku mbili kabla ya kuondoka nikamwomba Mama jiko lake. Nilipika ndizi na nyama, chakula cha moto, jioni. Mzee alirudia mara tatu. Mama aliandika mapishi kwenye daftari lake, akaniuliza ndizi zinaitwaje kwa Kichagga, akaandika na hilo. Kadi yake ya mwisho ilifika wakati wa Majilio, na ndani yake ameniuliza kama mshare zinaweza kupikwa na samaki.