Unapenda magari, je, kazi ya yadi utaifurahia? Uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye mapenzi na magari atafurahia kazi ya kuuza magari yadi. Mimi nimeuza yadi hapa Dar miaka miwili, na tangu sekondari nilikuwa na ugonjwa wa Chaser na Altezza, zile Toyota za vijana wa mbio. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Magari unayoyaota hutayaona sana. Kodi ndiyo inayopanga yadi: injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda, na gari likizeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana kila asubuhi nilifuta vumbi vigari vidogo, IST na Vitz. Kuendesha kwenyewe ni kutoka kona hii ya yadi hadi ile, na kuboost betri zilizokufa kwa kukaa. Kama raha yako ni kufungua injini, nenda gereji.

Hayo niliyazoea. Kilichonishika ni karatasi ya mnada kutoka Japani, ile ripoti ya ukaguzi inayoonesha hali ya gari lilipouzwa mnadani. Ule mchoro mdogo wa bodi unakusimulia gari lote: A ni mkwaruzo, U ni pamebonyea, W pamenyooshwa, XX kipande kimebadilishwa. Gredi, yaani alama ya hali ya gari zima, ikiandikwa R, gari lilipata ajali likatengenezwa. Nilikuwa nazisoma hata muda wa chakula.

Na hapo hapo ndipo kazi iliponiumiza. Alikuja mama mmoja na pesa ya vikoba, anataka gari la kupelekea watoto shule. Akaipenda IST nyeupe. Karatasi yake nilishaiona: R, na XX upande mzima wa kulia. Bosi alishatuagiza karatasi za namna hiyo zibaki kwenye droo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hii gari haijawahi kugongwa kweli?" Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Mama, iligongwa, ikatengenezwa." Akaondoka. Jioni nikasemwa mbele ya wenzangu, na mwezi ule kamisheni yangu ikakatwa.

Asiyejua magari angejibu "hapana" na kulala vizuri, maana hajui. Wewe unayependa utajua kila kitu. Hilo ndilo zito, si vumbi wala mshahara.

Kwa hiyo siku ya usaili, omba wakuoneshe karatasi ya mnada ya gari lolote lililopo pale. Wakiitoa bila kuzunguka, ichukue hiyo kazi, mkuu, utaipenda.