Topspini ya fohandi: mkono uwe wa mwisho kufika

Hii ni kwa nyie mnaoanza tenisi ya meza na tayari mnaweza kupigiana fohandi ya kawaida (pigo la upande wa mkono wenye raketi) mipira ishirini thelathini bila kudondosha, sasa mnaitaka ile topspini yenyewe, mpira unapanda kidogo, unavuka wavu, alafu unazama ghafla kama kuna mtu kauvuta na kamba. Kama bado hujafika hapo anzia hapo kwanza, haraka ya nini. Na kama unatumia mkono wa kushoto geuza kila nitakachosema.

Mimi nilipoteza karibu miezi 6 kwa sababu nilidhani topspini ni kazi ya mkono. Nikiwaangalia wanaojua naona mkono unavyochapa, basi na mimi nachapa, bega linauma kila nikiamka, nusu ya mipira inaishia wavuni na nusu inaenda ukutani. Siku moja kocha akaninyang'anya raketi, akaniambia weka mikono nyuma ya mgongo, kunja magoti, geuza kiuno kulia, rudisha, kulia tena, rudisha. Dakika kumi nzima nazunguka pale kama mtu anayecheza muziki anaousikia peke yake, wa meza ya jirani wanacheka. Akanirudishia raketi akasema fanya hivyohivyo, mkono usiupeleke popote, uache ukufuate. Mpira wa tatu au wa nne nikasikia sauti tofauti, sio ile "tok" ya mpira kugonga ubao, ni kama mtu kakwaruza kitambaa kwa kucha, na mpira ukazama mezani wakati mimi nilishakubali kwamba umetoka.

Kwa nini unazama? Mpira ukizunguka kwenda mbele, hewa inausukuma chini. Ndo maana topspini ipo. Wavu una urefu wa sm 15.25 na upande wa mwenzako una m 1.37 tu, so ukipiga mpira kwa nguvu bila spini, yaani bila kuuzungusha, nafasi ya kuvuka wavu na bado kuangukia mezani ni ndogo mno, hasa mpira wenyewe ukiwa umeshashuka chini ya wavu. Spini ndo inakupa ruhusa ya kutumia nguvu.

Haya, miguu. Simama kwa upana kuzidi mabega, mguu wa kulia nyuma kidogo ya wa kushoto, uzito uwe mbele ya nyayo, visigino vimegusa sakafu kwa mbali tu. Ukirudi nyuma kujiandaa, usivute mkono, geuza kiuno na bega kulia mpaka uhisi paja la kulia limebeba mzigo. Hiyo ndo alama yangu mpaka leo, kama paja la kulia halijahisi kitu basi najua nguvu itatoka begani na kesho nitalia. Alafu unausukuma sakafu kwa mguu huo, nyonga inageuka, bega linafuata, kiwiko kinajikunja haraka mwishoni, raketi inaishia karibu na paji la uso. Isivuke kwenda bega la kushoto! Nimewaona wengi (na mimi nilikuwemo) wanapiga topspini moja nzuri kweli, mkono umejizungusha shingoni kama skafu, mpira ukirudi bado wanajinasua.

Ukitaka kuliona hili vizuri tafuta mechi za Ma Long, yule aliyechukua dhahabu ya mmoja mmoja wanaume Olimpiki ya Rio na tena ya Tokyo. Usiangalie raketi hata kidogo, dakika tano nzima angalia mguu wake wa kulia tu. Utaona kila kitu kinaanzia pale na mkono unachelewa, unachelewa, alafu unatokea.

Sasa mguso wenyewe, na hapa ndo kuna ubishi mwingi. Wengi mtaambiwa "upanguse mpira", na ni kweli kwa siku za kwanza, maana anayeanza huwa anaugonga tu. Ila ukiupangusa kwa wembamba sana unateleza, unapata spini ya kuigiza, mpira polepole, mwenzako anauchapa. Kumbuka pia mipira yenyewe imebadilika, mwaka 2000 ilitoka mm 38 ikawa mm 40, alafu kuanzia 2014 ya plastiki ikaanza kuingia badala ya seluloidi, na ukubwa unapunguza spini. Kwa maoni yangu siku hizi lazima mpira uzame kidogo kwenye sponji iliyo chini ya raba ya raketi kwanza, uushike, ndo uuzungushe. Shika raketi kilegevu, kama unashika kifaranga, kaza sekunde ile ya kugusa tu. Ukikaza tangu mwanzo kiganja kinakufa na raketi inakuwa mwiko.

Kuna mipira ya aina 2 utakayokutana nayo na kila mmoja una dawa yake. Mpira uliokatwa, yaani wenye bekspini (unakuja huku unazunguka kurudi nyuma), ukigusa raba yako unataka kushuka wavuni. Hapo kunja magoti zaidi, raketi ianzie chini karibu na goti, iwe imefunguka kidogo (uso wake utazame juu kidogo), nenda juu zaidi kuliko mbele, na usubiri mpira ufike kileleni au uanze kushuka kidogo tu. Wanaoanza wanauogopa huu, kumbe ndo rafiki, kwa sababu mpira tayari unazunguka upande uleule ambao topspini yako inautaka, wewe unaendeleza tu. Ndo maana topspini juu ya mpira wa kukatwa hutoka nzito kuliko zote.

Ule mwingine ni wa bloku (mwenzako anauzuia tu kwa raketi urudi) au topspini ya mwenzako. Huu unataka kuruka juu ukigusa raba. Funga raketi (uso wake utazame chini kidogo), mwendo mfupi, nenda mbele zaidi kuliko juu, na uupate mapema, usiusubiri ushuke. Kosa langu la muda mrefu lilikuwa hili: napiga ya kwanza nzuri juu ya mpira wa kukatwa, mwenzangu anabloku, mi narudia mwendo uleule wa kwenda juu, mpira unaenda kwenye taa. Nikadhani naikosea ile ya pili kwa kukosa bahati, kumbe sikuwa nimebadilisha chochote kati ya ya kwanza na ya pili. Ukiwa na wa kukulishia mipira, mwambie akupe mmoja wa kukatwa alafu mmoja wa bloku, hivyo hivyo, jozi jozi. Mazoezi ya mpira wa aina moja mia mbili mfululizo yanakupa raha tu, mechi ikianza unashangaa.

Vifaa nisivimalizie karatasi. Raba ya kasi sana itakuchelewesha maana mpira unaondoka kabla hujaushika, chukua ya kati, na ifute vumbi kila ukimaliza kucheza, raba yenye vumbi inateleza na utajilaumu bure.

Kitu kimoja cha bure kilichonisaidia kuliko vyote: chukua mpira wa zamani, paka nusu yake rangi na makapeni. Ukiupiga vizuri rangi inapotea, unaona ukungu tu unaozunguka. Ukiugonga bila spini unaona ile nusu ya rangi inageuka taratibuu, huwezi kujidanganya. Na simu yako iweke pembeni upande wa kulia, urekodi mwendo pole, mipira 10 tu. Simamisha video pale mpira unapogusa raba, angalia kiuno. Kama kitovu chako bado kinatazama pembeni wakati raketi imeshafika kwenye mpira, mkono umetangulia. Rudi kwenye mikono nyuma ya mgongo, dakika tano, acha wa meza ya jirani wacheke.